Neno Lililopanda Boti la Kalemie

Nakumbuka asubuhi ile kwa harufu yake kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine chochote: dagaa wabichi waliomwagwa mchangani pale Kibirizi, moshi wa injini za boti, na jasho langu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama na bahasha ya karatasi mkononi nikipiga kelele. Nilikuwa namwita mwenzangu mwongo mbele ya mwalo mzima, wavuvi na wachuuzi wote wa pale ufukweni, na nilijiona shujaa.

Ngoja, mwanangu, nimeanzia katikati. Ndivyo nilivyo siku hizi, situlii. Juzi mmoja wenu, kijana wa utafiti, alifika hapa kwangu Buzebazeba na jambo zito kifuani. Sisemi ni nani, wala ni wa kike au wa kiume, wala jambo lenyewe silitaji, maana aliniambia kwa siri na siri ile si mali yangu. Nitasema tu kwamba aliondoka kabla chai haijapoa, simu mkononi, kidole tayari kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wenzake wote. Tangu hapo nainuka, nakaa, nachungulia barabara, narudi kukaa. Mke wangu ananiuliza kama nimekalia siafu. Basi nakuandikia wewe. Kama ndiwe, utajijua.

Mimi si mtoto wa ziwani. Nimezaliwa Kalinzi, kwenye migomba na kahawa, na ziwa nilikuwa nikiliona kwa mbali chini huko, kama kanga ya buluu iliyoanikwa. Nilipoteremka mjini Kigoma kutafuta kazi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kiburi cha kutosha watu watatu. Kilikuwepo kituo kidogo cha utafiti wa samaki, cha mradi uliokwisha zamani, na jina lake nimeamua kuliacha lilale. Wakanichukua niwe karani wa takwimu. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu kutoka mialo mbalimbali, kuzipanga kwa tarehe, na kumpelekea mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Bosi.

Fomu za Kagunga zilikuwa za Ramazani. Huyu alikuwa mtu wa maji kweli kweli. Wazee wake walivuka kutoka Kongo, yeye akazaliwa ufukweni. Kagunga, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, alikaa peke yake kwa niaba yetu, na siku zile hukufika huko ila kwa boti. Alichukua sampuli za dagaa na migebuka kwa wavuvi, akawapima urefu mmoja mmoja, akaandika. Fomu zake zilinuka! Magamba yaligandia pembezoni, na mara nyingine ilibidi nitenganishe karatasi mbili kwa kisu. Nilikuwa nikimtania kwamba anafungia samaki humo kama maandazi. Tulikuwa marafiki. Akija mjini alikula kwangu, na mama yake mzee, aliyekuwa hana mwingine wa kumtegemea, alikuwa akinitumia chupa ya mawese kila boti likija.

Sasa sikiliza kosa la mtu anayejua nusu. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Giza likiwepo, wavuvi hutoka na karabai zao, dagaa huufuata mwanga, nyavu zinainuliwa. Mwezi ukipevuka, taa hazina kazi tena. Mwanga umeenea ziwa zima, dagaa wametawanyika, na wavuvi hupumzika siku kadhaa wakishona nyavu na kusuluhisha ndoa zao. Mtoto wa Kibirizi analijua hili kabla hajaota meno. Mimi nililijua nikiwa na ndevu, na kwa kuwa nililijua kwa kuchelewa, nililipenda mno. Nilitafuta mahali pa kulitumia.

Nikapata. Siku moja nilikuwa napanga bunda la Kagunga, macho yakatua kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye alama za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nikalinganisha. Karibu fomu zote zilikuwa na tarehe za mwezi mpevu! Dagaa wamepimwa, wameandikwa urefu wao, siku ambazo hakuna mvuvi aliyetia taa majini. Nikajisemea, kumbe Ramazani anakaa kivulini huko anapika takwimu, na mimi nazipanga vizuri kama mjinga.

Katika bunda lile zilikuwemo karatasi tatu zenye tarehe za giza. Hizo zilikuwa safi, hazinuki, hazina gamba hata moja. Nikazitenga, nikasema walau hizi tatu ni za kweli. Zikumbuke karatasi hizo, mwanangu, maana mimi nilizishika kwa mkono wangu na sikuziona.

Ilinipasa nifanye nini? Kwanza kumuuliza mwenyewe. Kama naogopa, niende kwa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mtunza sampuli wetu, mama wa Ujiji, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa kwamba yeyote mwenye shaka juu ya kazi ya mwenzake, au anayegombana na mwenzake juu ya nani aliyefanya kazi na jina la nani litangulie kwenye ripoti, anaweza kuingia chumba cha Bi Tatu akafunga mlango. Atakalosema halitoki bila ruhusa yake. Wenye mradi wenyewe walikubali iwe hivyo. Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani pale ni mahali pa kupeleka machozi, nami sikuwa na machozi, nilikuwa na ushahidi.

Ndiyo asubuhi ile ikafika. Boti la Kagunga likatia nanga Kibirizi, na Ramazani akashuka amebeba sanduku la chupa zake za sampuli, suruali imekunjwa magotini, anacheka kwa kuniona. Sikumpa hata salamu. Nikainua bahasha, nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwongo na mpika takwimu, na kwamba serikali na wazungu wa mradi wanadanganywa kwa sababu yake. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa wakaacha kazi. Wachuuzi waliokuwa wakipakia magunia kwenye boti la Kalemie, ng'ambo Kongo, wakasimama na mizigo mabegani.

"Zakaria, uliza kwanza," akasema, na kicheko kimemwisha. "Ile tarehe haiko ya kuvua."

"Mwezi ulikuwa mpevu!" nikamjibu. "Ulivua kwa taa gani? Taa ya mwezi?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Nakiri nilikifurahia. Mchuuzi mmoja mwenye gunia akarudia, "Taa ya mwezi!" huku akipanda ubao wa kuingilia botini, na wenzake wakaipokea kama kiitikio. Boti likaondoka nao wakicheka. Ramazani akabaki ameshika sanduku lake, hajui aliweke chini au aendelee kulibeba.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Bosi, nikamkabidhi bunda lote, nakala sina. Bosi alinisifu. Alisema kituo kinahitaji vijana wenye macho kama yangu. Akalitia bunda kwenye mtoto wa meza, akazungusha ufunguo, na kabla ya adhuhuri Ramazani alikuwa na barua ya kusimamishwa kazi. Sikuuliza mbona barua imeiva haraka namna ile.

Wiki ile lile "uliza kwanza" la Ramazani halikunitoka. Nilitembea Kigoma yote, nikapanda hadi juu mlimani na kushuka hadi stesheni, bila safari. Kila nilipopita watoto waliniimbia "Taa ya mwezi", wakidhani wananifurahisha. Mwishoni Bi Tatu akanikuta ukumbini, akaniambia nimsaidie kupanga chupa. Niliingia nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafunga mlango.

"Soma hii," akasema, akinipa chupa ya Ramazani.

Ndani ya dawa ile ya kuhifadhia samaki mlikuwa na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Wino, mwanangu, huliwa na dawa ile, penseli haifutiki. Kijikaratasi kilikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa ya siku za giza. Nikasoma ya pili, giza. Ya tatu, giza. Bi Tatu akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Siku za uvuvi Ramazani hana nafasi ya kupima, mtu mmoja na mitumbwi yote ile. Hutia samaki kwenye chupa, akaandika siku waliyovuliwa. Mwezi ukipevuka na wavuvi wakipumzika, ndipo naye huketi akawapima, na fomu yetu ya kijinga ilikuwa na nafasi moja tu ya tarehe, naye akaandika siku ya kupima. Chupa zilikuwa zikirudi kituoni kila boti. Zilikuwa chumba cha pili kutoka mezani kwangu. Siri ya mtungi muulize kata, nami kata sikuiuliza.

Nililia. Yale machozi niliyosema sina, niliyapata.

Alinisubiri nimalize, kisha akasema neno ambalo bado linaniuma. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, Zakaria. Ungejikwaa dole ungechechemea peke yako. Sasa anachechemea mwenzio."

Nikamuuliza kuhusu zile karatasi tatu safi. Akafungua daftari lake la chupa, ambamo kila chupa iliyoingia huandikwa, akanionyesha zile siku tatu. Hapakuwa na chupa. Siku zile Ramazani alikuwa kitandani na malaria, mama yake alituma habari, na habari ilipokelewa na Bosi. Nikaelewa kwa nini karatasi hazikunuka. Mtu aliyeziandika hakuwahi kumshika samaki, lakini mwezi aliujua vizuri kuliko mimi, akachagua tarehe za giza. Nilikuwa nimemkamata mkweli na kumpelekea mwongo ushahidi wake mkononi, naye akapata mtu wa kumtwika kosa lake.

Nikafungua mdomo nitaje jina. Bi Tatu akainua kidole. "Juzi ulitaja jina moja, limetosha. Niambie ulichoona, na uniambie unataka nini."

Hapo ndipo nilipojua chumba kile ni cha nini. Hakunihukumu, wala hakuniahidi kwamba atakwenda kupigana kwa niaba yangu. Hakuandika hata herufi. Alinieleza njia zilizokuwepo, na kila njia ina miiba gani. Naweza kwenda kwa Ramazani, naye Bi Tatu akae katikati yetu atusikilizanishe. Naweza kuandika kwa kamati ya wenye mradi, iliyokaa nje ya Kigoma na haikuwa chini ya Bosi. Naweza pia kunyamaza, na akanieleza bila kunitisha kunyamaza kutamfanya nini Ramazani na kutanifanya nini mimi. Akasema mipaka yake pia: akisikia kwamba mtu atadhurika mwili, hatanyamaza, lakini ataniambia mimi kabla ya kusema. "Chagua wewe," akasema. "Nitakwenda nawe. Sitakwenda badala yako."

Usidhani nilichagua papo hapo. Niliogopa, nakwambia kweli. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha mimi na wadogo zangu wa Kalinzi, na Bosi alikuwa ameanza kupita mezani kwangu mara nyingi kuliko desturi. Nilirudi kwa Bi Tatu karibu kila siku nikisema yale yale, naye akanisikiliza kana kwamba ni mapya. Siku moja nikamwambia naandika.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya moto. Bi Tatu akaisoma akiwa na penseli yake ile ile ya chupa, na kila alipokuta "mwizi" au "laghai" akapiga mstari. "Andika ulichoona," akasema. "Ulichowaza kiache nyumbani." Ikabaki nusu ukurasa: tarehe za fomu, tarehe za chupa, siku tatu zisizo na chupa, na aya moja ya kukiri kwamba mimi ndiye niliyemsingizia Ramazani hadharani. Aya ile hakuifuta hata nukta.

Walikuja watu wawili wa kamati kwa treni, wapole, wakafungua chupa moja moja. Zile karatasi tatu hazikuonekana tena kwenye mtoto wa meza, lakini hesabu zake zilikwishaingia kwenye ripoti iliyotumwa, na kuingia ripoti si kama kuingia chupani, huwezi kuzitoa kimya kimya. Bosi alikiri kwamba aliogopa kupeleka takwimu za mwezi zenye mapengo. Akaondolewa. Fomu mpya zikaja na nafasi mbili za tarehe. Ramazani akaandikiwa barua nzuri yenye muhuri, kwamba hana kosa na arudi kazini.

Hakurudi.

Bi Tatu akaniambia, "Pale ulipomvua nguo ndipo umvishe." Nikaona nianze kwake mwenyewe, nikapanda boti hadi Kagunga. Nilimkuta ufukweni anashona wavu na wanaume wengine, mama yake ameketi karibu. Nilisimama mbele yao wote nikasema kwamba Ramazani ni mkweli, kwamba mimi ndiye niliyesema uongo kwa kutojua na kwa kujidai. Mama yake alifunika uso kwa kanga. Ramazani alishona fundo lake hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kagunga umenisafisha," akasema. "Na Kibirizi?"

Nikamwambia kesho nitasimama Kibirizi, mahali pale pale.

"Na Kalemie?"

Yule mchuuzi mwenye gunia sikumjua jina wala sura, nilijua kicheko chake tu. Kibirizi nilikwenda nikasema, na kina mama wa dagaa walinisikiliza, wengine wakanisamehe, wengine wakaniambia ninawazibia jua. Lakini boti lile lilikuwa limeshavuka.

Miaka mingi ikapita. Mimi na Ramazani tulirudi kusalimiana, kisha kula pamoja, ingawa si kama zamani. Mama yake alipofariki nikaenda Kagunga kuzika. Walikuja ndugu zao kutoka ng'ambo, na tulipokaa mkekani mzee mmoja wa Kalemie aliyewasindikiza akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua ukoo: "Mfiwa ni Ramazani yupi? Yule Taa ya Mwezi, aliyepika samaki?"

Ramazani alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, ameshika birika la kunawishia wageni mikono. Alisikia. Alinitazama, na hakukuwa na hasira machoni mwake, laiti ingekuwepo. Akainama akamnawisha yule mzee, kisha akaninawisha mimi.

Nilimwambia mzee yule ukweli, pale pale, mbele ya msiba. Alitikisa kichwa akasema pole. Lakini alikuwa mmoja, na Kalemie ni mji. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo watu wanavyoamini, na siku hizi boti lenu haliondoki asubuhi kwa asubuhi. Linaondoka kila unapogusa kile kitufe cha kutuma.

Kwa hiyo mwanangu, usinyamazie uongo katika kazi ya elimu. Takwimu ya kupika ni sumu kwenye chungu cha wengi, na anayenyamaza ameshika mwiko. Ila kabla hujataja jina la mtu, muulize mwenyewe tarehe yake ni ya nini. Ukishindwa kumuuliza, tafuta chumba chenye mlango na mtu ambaye hana la kupata kwa kuanguka kwa yeyote. Mweleze yote, hata yale yanayokuaibisha, maana mficha uchi hazai. Weka nakala yako mahali salama, usimkabidhi ushahidi mtu ambaye huenda unamhusu. Andika ulichoona. Na kama ni wewe unayesingiziwa leo, mlango ni huo huo, hauna upande.

Kiti cha Bi Tatu sasa nakikalia mimi hapa nyumbani, kwa ajili yenu vijana wa utafiti, ingawa sina uzi wake kwenye miwani wala subira yake. Nimeweka birika jikoni tena. Kama bado hujatuma, rudi. Na kama umetuma, rudi vilevile, tutatafuta pa kuanzia kuvisha.

Mungu aupe ulimi wako uzito na mkono wako wepesi. Akukutanishe na ukweli ukiwa umekaa chini, na jina lako likipanda boti bila wewe, lishuke ng'ambo likiwa zima.